Mvunja Nyumba Aliyeshindwa na Ukuta wa Udongo

Jua ndiyo kwanza linachungulia juu ya mabati ya jirani, na Bomoa tayari amezama hadi magotini kwenye shimo la udongo. Anakanyaga. Mkewe anamwaga karai la majani makavu yaliyokatwakatwa, anaongeza maji kidogo, naye anakanyaga tena mpaka tope linaanza kung'ang'ania visigino vyake.

"Usiharakishe," anafoka mwanamke mtu mzima aliyekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, plaizi mkononi, akikata vipande vya waya. "Huo udongo bado haujakasirika."

"Ukikasirika utaniambia, mama?"

"Utakung'ata wenyewe. Kanyaga!"

Huyo aliye shimoni ni mwanamume wa miaka arobaini na ushei, mwenye mabega ya kubebea milango na pengo la meno ya mbele aliloachiwa na tofali. Hapa mtaani hakuna anayemwita kwa jina alilopewa na wazazi. Ni Bomoa tu. Hata mabinti zake wawili, wakiulizwa shuleni baba yao ni nani, hujibu hivyohivyo.

Jina hilo alilipata kihalali. Kwa miaka kumi na mitano amekula, amelipa ada na ameoa kwa kuvunja nyumba za watu. Ukinunua kiwanja chenye nyumba usiyoitaka, ulikuwa unamwita yeye na nyundo yake.

Leo anajenga, tena kwa kitu alichokidharau kuliko vyote katika kazi yake.

"Ukiniuliza nimefikaje huku, nitakwambia ukuta ulinikataa," anasema na kucheka. Lakini kicheko hakifiki mbali. Miaka miwili imepita, na bado akianza kusimulia mikono yake inajikunja kifuani yenyewe.

Siku hiyo aliitwa kuvunja nyumba ya matofali mabichi, yaani yale yanayokaushwa juani bila kuchomwa. Mwenye nyumba alitaka kusimamisha duka la ghorofa. Bomoa alimwambia mwenzake wa kazi wasibebe hata chakula cha mchana.

"Nyumba ya udongo ilikuwa kazi ya kabla ya chai," anaeleza. "Unaezua bati, unachimba chini ya ukuta kwa sururu, unasukuma. Ukuta unakwenda wenyewe. Unanawa, unalipwa, unaondoka."

Alikuwa pia anajua ubaya wa kazi hiyo. Ukuta wa udongo hauanguki kama mti, ukakupa nafasi ya kuruka pembeni. Unamwagika wote kwa mpigo. Rafiki yake waliyeanza naye kazi alimwagikiwa hivyo, na walipomaliza kumfukua alikuwa ameshakata roho.

Bomoa alichimba chini ya ukuta wa mbele, akasukuma. Kimya. Akachimba zaidi, akaegemeza mgongo, akasukuma mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Mwenzake alifunga kamba juu ya ukuta na kuivuta kutoka nje. Kamba ikakatika, mwenzake akaanguka chali barabarani, wapita njia wakacheka.

"Nikaona aibu. Mimi, Bomoa, nachekwa na nyumba ya matope!"

Akainama achimbe mara ya mwisho. Hapo ndipo ukuta uliposogea, na haukusogea upande alioutaka. Ulimgeukia.

"Nilisikia mlio wa kitu kinakazwa, kama kitanda cha waya mtu mnene anapokikalia. Nikaanguka chali. Nikaona ukuta wote unakuja. Nikafumba macho, nikasema basi."

Akangoja. Madongo madogo yalimwangukia usoni. Akangoja tena. Alipofumbua macho, ukuta ulikuwa shibiri moja juu ya pua yake, umening'inia kama mkeka ulioanikwa kwenye kamba.

Ulikuwa umepasuka kila mahali. Aliyaona matofali yaliyoachana, na mwanga wa nje ukipenya katikati yake. Lakini hakuna tofali lililokuwa limetoka mahali pake. Kuna kitu kilikuwa kimeyashika.

Mwenzake alimvuta kwa vifundo vya miguu. Bomoa alipofika nje alitembea hadi ng'ambo ya barabara, akakaa chini.

"Wapita njia hawakucheka tena," anakumbuka. "Mama mmoja akanipa maji ya kunywa, nikajimwagia kifuani. Mdomo niliukosa."

Baadaye alirudi kutazama. Kila baada ya safu chache za matofali kulikuwa na waya wa uzio umelazwa, ukiingia hadi ndani ya kuta za pembeni. Mianzi ilisimama ndani ya ukuta kutoka kwenye msingi wa mawe mpaka juu. Huko juu, mbao ziliizunguka nyumba yote kama mkanda wa suruali. Na chini ya lipu, ndani na nje, kulikuwa na wavu wa banda la kuku, pande zote mbili zimeshonwa pamoja kwa kamba zilizopenya ukuta.

"Miaka kumi na mitano navunja nyumba, sijawahi kuona. Nilidhani nimechanganyikiwa."

Kazi ya kabla ya chai ilikula siku nzima. Jioni, kabla hata ya kunawa, Bomoa alimuuliza mwenye nyumba nani aliijenga.

"Mama mmoja hivi," alijibiwa. "Siku hizi anafinyanga majiko nyuma ya soko. Wanamwita Mama Waya."

Alimkuta anaingiza ndani majiko aliyoyaanika juani. Mazungumzo yao ya kwanza wote wawili wanayakumbuka neno kwa neno, na kila mmoja anadai mwenzake ndiye aliyetetemeka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umetoka kaburini?"

"Karibu na hapo. Nimevunja nyumba yako."

"Ipi?"

Akamwelekeza. Mama Waya akaweka jiko chini taratibu.

"Imeanguka vizuri?"

"Haikuanguka, mama. Imenining'inilia hapa," akaonyesha pua yake. "Ingekuwa nyumba nyingine, ungekuwa unaongea na mzimu."

Mama Waya anakiri kwamba alikaa chini kwenye vumbi, hajali nguo. Alijenga nyumba za udongo tangu usichana wake, akiongozana na mumewe, na baada ya kufiwa akaendelea peke yake. Kisha matofali ya saruji yakawa fasheni, wateja wakamkimbia. Aliyeshindwa kununua saruji alimwita fundi wa bei rahisi, akaachana na mambo ya waya.

"Nyumba ikianguka, watu wanakuja mbio kumwambia fundi," anasema. "Isiyoanguka hakuna anayekuja kukwambia lolote. Huyu ndiye mtu wa kwanza. Tena amekuja baada ya kuivunja, mshenzi huyu!"

Jioni hiyo alimpa Bomoa somo ambalo naye leo anawaeleza wateja wote. Udongo ukiubebesha mzigo, unabeba. Lakini ukiuvuta, au ukiutikisa, unaachia. Kwa hiyo unaupa kitu kingine cha kuvutwa badala yake: waya, mwanzi, wavu, hata kamba ngumu. Na pembe za nyumba lazima zishikane, la sivyo kila ukuta unajitegemea.

Bomoa alirudi nyumbani na neno hilo la pembe kichwani.

Nyumba anayoishi aliijenga marehemu baba yake, kwa mikono yake, matofali mabichi chumba kwa chumba kila alipopata nguvu. Chumba cha pembeni hulala mama yake mzazi, ambaye magoti yanamsumbua lakini ulimi haujambo.

Alihamisha kabati lililosimama kwenye pembe ya chumba hicho. Nyuma yake kulikuwa na ufa. Akaingiza kidole. Kidole kikaingia chote. Akaingiza kiganja.

"Nikaelewa hapohapo," anasema. "Miaka yote ile kuta za nyumba yetu hazikuwa zimeshikana. Zilikuwa zimesimama jirani tu. Na mama yangu amelala kichwa kimegusa hapo."

Alimwambia mama yake ahamie sebuleni usiku uleule. Jibu alilopata linasimuliwa na mama mwenyewe, huku akichambua maharage kwenye ungo.

"Nikamwambia, ukuta huu aliujenga baba yako wewe ukiwa unatambaa. Umesimama, umekulea, umekuoza mke. Leo umelambishwa vumbi na nyumba ya watu, unakuja kuupigapiga makofi wa baba yako? Sihami."

Bomoa alibembeleza. Mkewe alibembeleza. Mabinti walilia kidogo, wakidhani bibi anafukuzwa. Mwishowe Bomoa alishika kitanda upande wa kichwani, mkewe upande wa miguuni, wakakinyanyua na bibi akiwa juu yake, mpaka sebuleni.

"Alinibeba na kitanda kama maiti!" mama yake anasema, na macho yanamwaka upya. "Mimi niliyemzaa!"

Alimsusia. Wiki nzima hakusema naye neno. Akitaka kumwambia kitu, anamwambia mkwewe: "Mwambie huyo mvunja nyumba aninunulie dawa ya magoti." Na kila asubuhi, baada ya kunywa chai, alichukua kigoda chake, akarudi chumbani kwake, akakaa ameegemea ukuta uleule. Mlango aliuacha wazi ili mwanawe amwone vizuri.

Kisha mvua ikanyesha. Ilinyesha mfululizo, bila kelele, siku mbili. Asubuhi iliyofuata ilikatika na jua likatoka, watu wakaanika nguo. Bomoa alikwenda kazini, mabinti walikwenda shule.

Kuni zilikuwa zimelowa. Mke wa Bomoa alipuliza moto mpaka macho yakamvimba, chai ikakataa kuchemka. Mama mkwe alikaa barazani, kikombe kitupu mkononi, akilalamika kwamba nyumba hii sasa hata chai imekuwa sikukuu.

"Hakukuwa na kishindo," anasema mke wa Bomoa. "Watu wanadhani nyumba inaanguka kwa kishindo. Nilisikia kama mtu anamwaga magunia ya nafaka, moja juu ya lingine. Fuuu. Nikageuka. Mlango wa chumba cha mama ulikuwa wazi, na nikaona barabara."

Anarudia hilo mara mbili, kana kwamba bado haliamini. Aliiona barabara kupitia chumbani. Mtu wa baiskeli alikuwa amesimama pale nje, mguu mmoja chini, anawatazama ndani ya nyumba yao mdomo wazi. Ukuta haukuwepo. Paa lilikuwa limeinama. Na pale kilipokuwa kikiwekwa kigoda kulikuwa na lundo la matofali linalofika kiunoni.

Majirani walifika mmoja mmoja, wakasimama wakishika vichwa. Mmoja alianza kuhesabu watu wa nyumba hiyo kwa vidole, akapotea, akaanza upya.

Mke wa Bomoa alimpigia mumewe simu. Alitaka kusema mengi, likatoka neno moja tu: "Njoo." Kisha simu ikaanguka.

"Neno moja hilo!" Bomoa anatikisa kichwa. "Nilikimbia kutoka kazini hadi hapa. Njiani nilimzika mama yangu zaidi ya mara moja. Nilishafika hadi kugawa nguo zake."

Alipopenya katikati ya majirani, alimkuta amekaa palepale barazani, kikombe bado mkononi. Alipiga magoti mbele yake. Mama yake alimtazama. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu abebwe na kitanda, akasema naye.

"Chai haijawa tayari," alisema.

Kikombe hicho hakukiweka chini mpaka jioni. Walijaribu kumnyang'anya, vidole vikakataa kufunguka. Leo anacheka akielezea, ila anasisitiza jambo moja liandikwe gazetini kama lilivyo: "Mwanangu hakuniokoa. Niliokolewa na kuni mbichi. Yeye aliokoa kitanda."

Siku ya pili Mama Waya alifika bila kuitwa, bunda la wavu ulioviringishwa begani. Majirani vijana walikuwa wanajitolea kukokota udongo ulioanguka wautupe. Mama mzazi akasimama mlangoni na fimbo yake.

"Udongo wa mume wangu hauendi jalalani!"

"Nani kasema uende?" Mama Waya akamjibu. "Udongo haufi, dada. Umechoka tu. Tuuloweke."

Wakauloweka. Matofali ya marehemu yakarudi kuwa tope, yakachanganywa na mchanga na majani makavu, yakapigwa upya kwenye kalibu na kuanikwa. Mama mzazi alidai naye akanyage. Wakamshika mikono huku na huku, akaingia shimoni na magoti yake mabovu, akakanyaga huku akilia. Hakuna aliyemwambia anyamaze.

Nyaya hazikuwa tatizo. Mtu anayevunja nyumba hukutana na uzio uliochakaa, mabanda ya kuku yaliyoachwa na mbao za paa ambazo wenyewe hawazitaki. Bomoa alikuwa akivitupa. Sasa akaanza kuvibeba nyumbani. Kwa hesabu yake, ukuta mpya wa mama uligharimu chini ya robo ya ukuta wa matofali ya saruji, na kikubwa kilichonunuliwa kilikuwa misumari, kamba na chakula cha waliosaidia.

Tangu hapo ameacha nyundo. Yeye, mkewe na Mama Waya wamejenga nyumba sita na kuziimarisha nyingine kadhaa bila kuzivunja: wanabandua lipu, wanazivalisha wavu ndani na nje, wanazishona kwa kamba, wanapaka upya.

Kipato si cha kujivunia. Kuvunja nyumba moja kulimlisha wiki mbili. Kujenga humlipa kidogokidogo, na masika ikiingia matofali hayakauki, jiko nalo linapoa. "Mke wangu akinuna, najua ni mwezi wa mvua," anasema.

Uani kwake kuna kuta mbili fupi zinazofikia kifuani. Zina udongo mmoja na unene mmoja, ila moja ina waya na wavu, nyingine haina. Mteja akifika anaambiwa asukume. Mwandishi wa makala haya alipewa nafasi hiyo. Ule mtupu ulikwenda kwa bega moja, nusura nifuatane nao. Ule wa pili tuliuegemea watu watatu wazima. Ulilia, ukachora nyufa, ukabaki umesimama.

"Sasa usiende kuandika kwamba waya ni dawa ya kila kitu," Mama Waya alinionya. "Waya hauzuii maji. Nyumba ya udongo inataka kwanza viatu na kofia: msingi wa mawe chini, na paa lililotokeza juu. Ukiinyima hivyo, hata uivalishe chuma italowa tu."

Mwanzoni majirani walimkasirikia Bomoa alipokuwa akipita akigonga kuta na kuchungulia nyuma ya makabati. Jirani mmoja mwenye mtoto mchanga alimwuliza kama amekuja kuwatangazia msiba. Baada ya ukuta kumwagika walianza kuja wenyewe, wakinong'ona kama waendao kwa mganga: "Hebu pita kwangu ukipata nafasi." Amepita. Kwenye safu nzima ya nyumba zao, zenye pembe zilizoshikana anazihesabu kwa mkono mmoja.

Lakini lililomshtua kuliko yote halikutoka katika safu hiyo.

Mwezi uliopita Mama Waya aliugua homa, na Bomoa akampelekea uji nyumbani kwake. Hakuwa amewahi kuingia ndani. Ni nyumba ya vyumba viwili, ya udongo, safi, imepakwa chokaa. Akiwa anangoja amalize kunywa, mkono wake uligonga ukuta kwa mazoea.

"Ukaitika vibaya," anasema. "Nikagonga tena. Nikaenda pembeni, nikabandua kipande cha chokaa. Kidole kikaingia."

Mwanamke aliyezifunga kwa waya nyumba za nusu ya mji alikuwa akilala miaka yote ndani ya kuta zilizosimama jirani.

"Mama," alimwuliza, "waya wa hapa uko wapi?"

Mama Waya hakuinua macho kwenye bakuli. "Kila nyumba niliyojenga nilisema kipande kitakachobaki ni changu," alisema. "Hakikubaki."

Bomoa anasimulia haya Mama Waya akiwa palepale juu ya ndoo yake, anakata waya kana kwamba anayezungumzwa ni mtu mwingine. Wateja watatu wanangoja zamu, na mawingu ya masika hayako mbali. Mpango wa Bomoa kwa siku zijazo ni mkubwa: anataka kupita nyumba kwa nyumba kabla hazijaanguka, na kuwafundisha wenye nyumba kujishonea wavu wenyewe. Lakini Jumatatu, anasema, kazi inaanzia kwingine.

"Wateja je?" anauliza Mama Waya bila kugeuka.

"Wangoje."

"Wakikimbia?"

"Wakimbie. Jumatatu tuko kwako, mama, na tunaanza na pembe ya kitandani."

Plaizi inasimama. Mama Waya anajifuta uso kwa kiwiko, anauvuta waya kutoka kwenye bunda, anampa Bomoa ncha yake aishike.

"Basi kata mrefu," anasema. "Nikianza kulala vizuri sitaki kuamshwa."